Miaka Kumi na Tisa Govan, Mtaa wa Wajenzi wa Meli

Wiki yangu ya kwanza Govan, mtaa wa jiji la Glasgow huko Uskoti, Machi 2006, nilipotea njia nikitafuta ofisi ya posta. Nikamsimamisha mama mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Kiingereza chake cha Glasgow kilinipita kasi, nikaambulia maneno machache: nyoosha na barabara, ukifika kwa Mtu Mweusi kata kushoto. Nikaganda pale pale. Nimetoka Bukoba, siku ile sikuwa nimeona mtu mweusi mwingine barabarani zaidi yangu, na sikujua kama naelekezwa au natukanwa.

Nilikuwa naelekezwa. Mbele kidogo, karibu na njia panda ya Govan, palikuwa na sanamu ya shaba ya bwana wa Kizungu, nyeusi tii kwa masizi ya miaka na miaka. Chini yake limechongwa jina: William Pearce, mwenye kiwanda cha meli cha Fairfield na mbunge wa kwanza wa Govan. Sanamu ilisimamishwa 1894. Watu wa mtaa hawakulishika jina la kwenye jiwe. Walimwita Mtu Mweusi, wakawarithisha jina hilo watoto na wajukuu, na mpaka leo ukiagana na mtu mkutane mahali, huenda akakwambia mkutane hapo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mambo mengi niliyojifunza baadaye yalikuwa yamejificha ndani yake. Kuna kumbukumbu inayochongwa na wenye fedha, na kuna ile inayokaa vinywani mwa watu. Mtaa unapofufuliwa, ya kwanza hupigwa rangi upya. Ya pili mara nyingi hufukiwa na vifusi.

Sikuja Glasgow kwa ajili ya meli. Nilimfuata mume wangu, nikapata kazi ya usafi wa ofisi usiku. Ila meli nimezaliwa nazo. Baba yangu alikuwa fundi msaidizi chumba cha injini kwenye MV Victoria, ile ya Mwanza na Bukoba. Akirudi nyumbani ananuka dizeli, mama anamwekea maji ya moto, nasi watoto tunamzunguka atuhadithie. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni kwamba meli ile ilijengwa mara mbili. Mara ya kwanza ilijengwa Uskoti, kwenye kiwanda cha Yarrow, mahali panaitwa Scotstoun. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye meli nyingine hadi Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu, na pale ziwani ikaungwa upya. Ikaanza kazi 1961. Nilikuwa nimeishi Govan miezi sita nilipotazama ramani ya jiji ukutani kwa daktari nikaliona neno Scotstoun. Liko upande wa pili wa Mto Clyde, kilomita chache kuelekea baharini. Nilisimama mbele ya ramani ile hadi nikaitwa jina mara mbili.

Govan niliyoikuta 2006 ilikuwa imechoka. Maduka yamegongelewa mbao madirishani, vijana wamesimama pembeni hawana pa kwenda, viwanja vitupu vimejaa magugu hadi ukingoni mwa mto. Na bado unaona kwamba hapa palikuwa na mambo: nyumba za ghorofa za mawe mekundu zilizojengwa kwa nia ya kudumu, ukumbi wa mji mkubwa kuliko wa wilaya nyingi za kwetu, bustani pana yenye ziwa. Mwaka 1864 Govan ilifanywa mji unaojitegemea ikiwa na watu wasiofika 10,000. Mwaka huo huo John Elder alihamishia kiwanda chake cha meli kwenye shamba lililoitwa Fairfield. Ilipomezwa na Glasgow mwaka 1912 ilikuwa na watu karibu 90,000. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu tani moja katika kila tano za meli zilizoundwa duniani ilitoka Mto Clyde. Halafu kazi zikaanza kuhama. Kiwanda cha Harland and Wolff cha Govan kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha Alexander Stephen kule Linthouse kikafuata mwishoni mwa muongo huo huo. Mtaa uliokuwa ukiamka kwa honi ya kiwanda ukaanza kuamka kimya.

Aliyenifundisha haya hakuwa kitabu. Alikuwa jirani yangu wa chini, mchomeleaji mstaafu. Aliniita kwa neno la kwao ambalo maana yake ni kuku jike, na ambalo Glasgow ni neno la upole kwa mwanamke. Nilipojua maana yake nilicheka, nami nikaanza kumwita Mzee. Akaniuliza Mzee ni nini. Nikamweleza kwamba kwetu ni heshima, si kumtaja mtu uzee wake. Kuanzia siku hiyo akawa anagonga mlango na kujitambulisha, "Ni Mzee."

Mzee alikuwa na miaka 24 mwaka 1971, serikali ilipokataa kuukopesha fedha muungano wa viwanda vya Upper Clyde na viwanda vikakaribia kufungwa. Wafanyakazi hawakugoma. Waliingia kazini na kuendelea kujenga meli, hata wale waliokwisha kupewa barua za kuachishwa. Kiongozi wao mmoja, Jimmy Reid, aliwaonya mapema kwamba pasiwepo uhuni, uharibifu wala ulevi, kwa sababu dunia nzima inawatazama. Mzee alinihadithia alivyochomelea mkuku wa meli huku mshahara wake ukitoka kwenye michango ya wafanyakazi wenzake na ya watu asiowajua. Mwaka uliofuata serikali ilirudi nyuma ikatoa fedha. Kiwanda cha Fairfield kikabadilishwa majina na wenye mali mara kadhaa, lakini hakikufa. Leo kinaunda manowari, na mwaka 2025 kimepata karakana kubwa iliyofunikwa, iliyopewa jina la Janet Harvey, mwanamke aliyefanya kazi ya umeme kwenye viwanda vya Clyde wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nalitaja hili kwa sababu wageni wengi huja Govan wakidhani wanatazama kaburi. Kuna watu wanaoamka alfajiri hapa kwenda kuunda meli.

Sasa nije kwenye jengo.

Ofisi kuu za Fairfield zilijengwa 1889 hadi 1891, kando ya Barabara ya Govan. Ni jengo refu la mawe mekundu, na mlangoni zimesimama sanamu mbili: mmoja fundi wa injini, mwingine fundi wa kuunda meli. Hawajavaa suti. Wamevaa nguo za kazi, vifaa wameshika. Ofisi zilihamwa 2001. Mimi nilikuwa napita hapo saa kumi na moja alfajiri nikirudi kutoka zamu, na nilikuwa nikiwaona wale mafundi wawili wa mawe wamesimama kulinda mlango usiofunguliwa, njiwa wakitoka madirishani, maji yakichuruzika ukutani mpaka ukuta ukaota majani.

Siku moja nikamwambia Mzee: si wabomoe tu, wajenge nyumba za watu? Mimi na mume na watoto tulikuwa tumebanana kwenye vyumba viwili, jina letu limo kwenye orodha ya kusubiri nyumba. Mawe ya marehemu yalikuwa yananisaidia nini? Mzee hakunijibu. Siku tatu hakunijibu. Siku ya nne akagonga mlango, akanichukua hadi mbele ya jengo lile, akaninyooshea kidole dirisha la juu kabisa. Akasema pale ndipo mama yake alipokuwa akinakili michoro ya meli kwa wino, yeye na wasichana wengine, mstari kwa mstari, na kosa moja lilimaanisha kuanza upya. Hakusema zaidi. Tukarudi nyumbani bila kuzungumza.

Sikubadilika siku hiyo, nisiseme uongo. Nilibadilika polepole, nilipoona kilichofanyika. Mwaka 2009 jengo lilinunuliwa na Govan Workspace, chombo cha watu wa mtaa wenyewe ambacho kazi yake ni kupangisha nafasi za kazi kwa biashara ndogo. Walihangaika na ruzuku, paa likatengenezwa, mbao za ukumbi wa wakurugenzi zikasafishwa. Mwaka 2013 ghorofa ya chini ikafunguliwa kuwa kituo cha historia ya Fairfield. Juu, kwenye vile vyumba virefu vya wachora ramani, wakaingizwa wapangaji wenye biashara zao, na kodi yao ndiyo inayolipa umeme, mlinzi na vigae vya paa. Kila mara mtu anaponiuliza siri ya jengo lile, hapo ndipo ninapomwelekeza. Asitazame kwanza vitu vya kale vilivyo chini. Apande ngazi akaone watu wanaofanya kazi juu.

Nilielewa kwa mfano wa nyumbani. MV Victoria ilipochakaa ikasimama miaka kadhaa. Wapo waliosema iuzwe chuma chakavu. Haikuuzwa wala haikufanywa makumbusho. Ilifungwa injini mpya, ikasukwa upya ndani, na 2020 ikarudi ziwani kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Chuma cha Scotstoun kinabeba mikungu ya ndizi na kahawa hadi leo. Baba hakuwahi kuiona ikirudi, lakini ningependa angeliona hilo: bodi ya zamani, injini mpya, abiria wale wale. Kwa Fairfield walifanya vivyo hivyo.

Kinyume chake kipo mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Vyelezo vitatu vya Govan vilichimbwa kati ya 1869 na 1898, kuta zake za mawe zimeshuka ngazi kwa ngazi kama uwanja wa mpira uliozama ardhini. Meli ikiingia, lango linafungwa, maji yanapampwa nje, na mafundi wanafanya kazi chini ya tumbo la meli wakiwa wakavu. Vilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Sheria inavilinda kwa daraja la juu kabisa la urithi wa Uskoti. Daraja hilo halikuzuia miti kuota kati ya mawe, wala vibanda vya pampu kuchomwa na kubakia kuta tupu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2018 halmashauri ya jiji ilikataa mpango wa kujenga pale nyumba zaidi ya 700. Mimi nimetembea pale mara nyingi na watoto. Ni pazuri kwa namna inayouma. Kila nikisikia mtu akisema jengo fulani limeokoka kwa sababu limeandikishwa kuwa urithi, nampeleka vyelezoni akajionee. Karatasi humzuia mtu kubomoa. Haimlazimishi mtu kufagia.

Na kuna njia ya tatu, nayo si mbaya ila inaniachia huzuni. Karakana ya injini ya Stephen kule Linthouse, ya 1872, ilifunguliwa vipande mwaka 1991 ikapelekwa Irvine, mji wa pwani, ikaungwa upya kuwa makumbusho ya bahari. Mimi ninayetoka kwenye ziwa la meli iliyovuka bahari vipande vipande siwezi kuwalaumu. Nguzo zake za chuma ni za kutazamwa na kila mtu. Lakini mtoto wa Linthouse akitaka kuona babu yake alikofanya kazi, anapanda treni kwenda mji mwingine. Jengo limepona, mtaa umelikosa.

Mikutano ya maoni nimekaa mingi. Nilianza kwenda kwa sababu Mzee alinisukuma, nami nikikumbuka msemo wa kwetu, asiyekuwapo na lake halipo. Mkutano mmoja sitausahau. Kiwanja chenyewe nakiacha bila jina. Walikuja vijana nadhifu na michoro mikubwa ya rangi: majengo ya vioo, miti, mto umekuwa wa buluu. Kwenye michoro kulikuwa na watu wadogo waliochorwa, wanatembea, wanaendesha baiskeli, wanakunywa kahawa. Mzee alivaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akatazama muda mrefu hadi ukumbi ukaanza kukohoa. Kisha akageuka akauliza, "Mimi ni yupi hapa?" Hakuwa anatania. Alikuwa anajitafuta kweli. Kwenye michoro ile hapakuwa na mzee hata mmoja, hapakuwa na mtu aliyevaa nguo za kazi, hapakuwa na mama mwenye kilemba na mifuko miwili ya sokoni. Nikasimama baada yake nikauliza kodi ya nyumba hizo itakuwa kiasi gani kwa mwezi. Nikaambiwa ni mapema mno kulizungumzia. Nimejifunza kwamba kodi ndilo swali la kuuliza kwanza, kabla ya rangi ya matofali. Asiyekuwa na jibu la kodi hana bado mpango wa mtaa, ana picha.

Govan inalijua swali hilo kuliko mitaa mingi. Mwaka 1915, wanaume wakiwa vitani na wenye nyumba wakipandisha kodi, Mary Barbour aliwaongoza wanawake wa hapa kukataa kulipa nyongeza. Madalali wa mahakama wakija kumtoa mtu ndani, kengele na sufuria zilipigwa, wanawake wakajaa ngazini, dalali akarudi alikotoka. Wanaume wa viwandani wakaungana nao, na kabla ya mwaka kuisha Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia kodi isipande. Sanamu yake ilizinduliwa njia panda ya Govan tarehe 8 Machi 2018, Siku ya Wanawake, kwa fedha zilizochangwa na watu. Nilikuwepo na binti yangu. Mama Barbour wa shaba ametangulia mbele na msururu wa watu nyuma yake, na amesimama karibu na yule Mtu Mweusi. Tajiri wa meli na mwanamke wa kodi, kwenye uwanja mmoja. Naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Hawakumwondoa Pearce ili kumweka Barbour, wala hawakusema nafasi imejaa.

Nyumba za Water Row, pale mtoni karibu na njia panda, zilikamilika 2024: nyumba 92 za kupanga zinazosimamiwa na chama cha nyumba cha hapa hapa. Mipango mingine ya mto naitilia shaka, huu siutilii. Watu wanaoishi pale wananunua mkate Govan.

Mwaka 2011 nilianza kujitolea kwenye mambo ya historia ya mtaa, na kituo cha Fairfield kilipofunguliwa nikachukua zamu ya Ijumaa. Mwanzoni nilikuwa na hofu. Mwanamke wa Bukoba atawaeleza nini wazee waliopiga ribiti kwa mikono yao? Niliona ni afadhali niwe nauza postikadi. Siku moja akaja babu mmoja na mjukuu wake, akaniuliza natoka wapi, nikamtajia ziwa na meli. Akashika ukingo wa meza. Alikuwa mwanagenzi Yarrow miaka ile, na aliikumbuka meli ya Victoria kwa sababu boliti zake zilikuwa za muda: waliiunga wakijua wataifungua. Kila kipande kilipakwa alama ili watu wa Kisumu wajue kinakokaa. Maisha yake yote, akasema, hakuwahi kujua kama iliungwa vizuri. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya meli bandarini Bukoba. Aliitazama hivyo hivyo Mzee alivyotazama ile michoro, pua karibu na kioo.

Baada ya siku ile nikaacha kuuza postikadi.

Nawaeleza wageni mambo ya kwetu yanayogusa mto huu, mazuri na mabaya. Nawaambia Sultani wa Zanzibar alikuwa na meli iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa Dumbarton, chini kidogo ya mto huu huu, na kwamba tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliizamisha bandarini Unguja katika vita visivyofika saa moja. Manowari inayoitwa HMS Glasgow imeundwa hapa Govan juzi tu, ikashushwa majini mwishoni mwa 2022. Wengine hukunja uso ninapoyaweka mambo hayo mawili pamoja. Siyaweki kumuudhi mtu. Meli zilizotoka hapa zilikwenda mahali, na mahali hapo palikuwa na watu. Historia ya kiwanda ikiishia getini haijakamilika, na sisi tuliozaliwa kule zilikofika tuna sehemu yake ya kueleza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuna mambo ya mto huu ambayo Govan isingeyasikia kama tusingekuja, sisi na Wakongo na Warundi na Wasomali tuliofika Glasgow tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nisiwasahau waliokuwa hapa kabla ya meli. Kanisa la kale la Govan lina mawe 31 yaliyochongwa kati ya karne ya 9 na ya 11, na wakati wa kiwanda mengine yalikuwa yamepangwa uani, jirani na ukuta wa Harland and Wolff. Banda la kiwanda lilipobomolewa 1973 watu wakaamini mawe ya uani yamesombwa na vifusi. Mwaka 2019 kijana wa miaka 14, akishiriki uchimbaji wa watu wa mtaa, akachoma udongo kwa fimbo ya chuma, ikagonga jiwe. Matatu yakapatikana. Hakuwa profesa. Alikuwa mtoto wa shule aliyekaribishwa kuchimba kwao.

Mwanangu wa pili alipomaliza shule alikaa nyumbani mwaka mzima hana kazi. Mwaka ule ulikuwa mzito ndani ya nyumba. Mzee akampeleka GalGael, karakana ya mbao hapa Govan iliyoanzishwa 1997 na Colin Macleod, mke wake na wenzao, kwa ajili ya watu waliobaki bila kazi viwanda vilipofungwa. Walianza kwa kuunda mashua, na mashua ya kwanza ni ya mtindo wa kale wa visiwa vya Uskoti, yenye makasia na tanga moja. Nilikwenda kumtazama wiki ya tatu. Karakana inanuka mbao mbichi na chai. Mwanangu alikuwa ameinama juu ya ubao wa mwaloni, na mkononi ameshika tezo. Tezo ile ile! Mpini mfupi, bapa limegeuzwa kuelekea kwa mchongaji, unachonga ukijivutia. Nimekua nikiiona kwa mafundi wa mitumbwi ukingoni mwa ziwa. Nikaomba niishike. Fundi aliyekuwa akimfundisha, mtu wa makamo mwenye mikono ya makovu, akaniuliza kwetu inaitwaje. Tezo, nikamwambia. Akarudia, "Tezo," akaandika kwa chaki ukutani juu ya kulabu zinapotundikwa, chini ya jina la kwao. Mwanangu alikaa pale miezi minane, akatoka na kazi ya useremala. Bado analipwa kwayo.

Mzee alifariki 2021. Mazishi yalikuwa ya watu wachache kwa sababu ya masharti ya korona, ila gari la maiti lilipopita mbele ya Fairfield walikuwa wamesimama wazee sita au saba kando ya barabara, mbalimbali, kofia mkononi.

Kivuko cha Govan kwenda Partick, mtaa ulio ng'ambo ya mto, kilikoma 1966. Treni ya chini ya ardhi ipo tangu 1896, ni kweli, lakini ukisimama ukingoni ulikuwa unaiona ng'ambo na huwezi kuifikia kwa miguu. Tarehe 7 Septemba 2024 daraja la waenda kwa miguu na baiskeli lilifunguliwa, kwa gharama ya pauni milioni 29.5. Linazunguka kupisha meli. Chuma chake kilitengenezwa ng'ambo ya bahari kikaletwa kwa maji, na wazee wa Govan hawajalisamehe hilo. Wanasema kwa mto uliojenga meli za dunia, kushindwa kujenga daraja lake wenyewe ni aibu. Nakubaliana nao. Hata hivyo nalivuka kila siku kwenda kazini, na asubuhi vijana wa Chuo Kikuu wanakuja upande huu kunywa chai kwenye mikahawa iliyokuwa imefungwa nilipofika. Kodi za nyumba za watu binafsi zimeanza kupanda. Kwenye mikutano sasa mimi ndiye ninayevaa miwani na kusogea kwenye michoro.

Mtaa umenipa kazi nyingine ambayo sijaimaliza. Kwenye kituo tuna picha za wanaume wa Yarrow na Fairfield, wengi wana majina. Za wale walioiunga Victoria Kisumu, waliosoma zile alama za rangi na kuzikutanisha, sijapata hata moja yenye majina. Walikuwa Wajaluo, Wahindi, Waluhya, Wahaya, watu wa reli na wa bandari. Nimeanza kuuliza kwa jamaa walioko Kisumu, Mwanza na Bukoba. Kama babu yako au baba yako alifanya kazi kwenye chelezo cha Kisumu mwaka 1960 au 1961, tafadhali fungua sanduku la picha. Ukimwona amesimama mbele ya bamba la chuma pamoja na wenzake, mwulize bibi angali yupo nani ni nani, kisha andika majina nyuma ya picha, kwa penseli, wino unapenya.